Baiskeli ya Mahari Iliyokuja Kwenye Katoni

Baba yangu aliongeza maneno machache kwenye orodha ya mahari ya mdogo wangu, na kwa ajili ya maneno hayo nilipoteza wiki mbili za kazi na viatu vyangu vizuri vya Jumapili. Orodha yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mbuzi wawili, blanketi, vitenge vya mama mkubwa anayesimama mahali pa marehemu mama, suti ya baba, mfuko wa chumvi. Chini kabisa, kwa mwandiko wake ule wa shule ya mapadri, baba aliandika: kinga moja, mupya, ya marke ya kwetu.

Kinga ni baiskeli. Huku Lubumbashi ndivyo tunavyoiita. Marke ya kwetu ni chapa moja ambayo kila mtu wa mji huu anaijua. Sitaiandika hapa, maana mwenye chapa hiyo yuko hai na anapenda sana mawakili. Baba alifanya kazi ujana wake wote katika karakana iliyokuwa ikiuza baiskeli za chapa hiyo. Babu alitoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli. Baba aliikataa reli akaenda kwenye baiskeli, na jambo hilo amelisimulia mara nyingi kuliko sala ya asubuhi. Jioni alirudi na unga wa chuma mifukoni. Mama alikuwa akiipindua mifuko na kuikung'uta nje kabla ya kufua shati. Basi tulikua tukijua kwamba sisi ni watoto wa mtu anayetengeneza baiskeli.

Mtu wa makala, yaani muuza mkaa, akipita mbele ya nyumba yetu, pale Kampemba, akisukuma baiskeli yenye magunia marefu kuliko yeye mwenyewe, baba alikuwa anaacha chakula na kutoka mlangoni. "Munaiona ile? Ile ni kazi ya mukono yangu." Tulikuwa tunaangalia. Tulipokuwa wadogo tulivimba vichwa. Tulipokuwa wakubwa tulichoka, kwa sababu Lubumbashi ina baiskeli nyingi na baba hakuwahi kuiacha hata moja ipite bure.

Siku hizi hawezi hata kuipanda. Magoti yake yamekataa. Nilipomuuliza baiskeli ya mahari ni ya nini, alisema ataiweka sebuleni, wageni waione. Nikamshauri aombe kiti kizuri cha kukalia. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa auze nyumba.

"Kiti iko kintu ya kuomba?"

Orodha ikaenda Kipushi, kwa kina bwana arusi.

Huyo bwana arusi ni mtu mpole, mfanyakazi wa mgodi, mkweli mpaka anachosha. Ukimuuliza kama chakula kimekolea chumvi, anafikiri kwanza. Na ni mtu wa Kipushi, mtoto wa Kipushi, mjukuu wa Kipushi. Watu wa kule wameishi ukingoni mwa mpaka, bidhaa zinawapita puani kila siku zikitoka Zambia, na maisha hayo yamewafundisha sheria moja: kitu kilichofunguliwa ni okazi, yaani kimekwisha tumika. Sufuria isiyo na karatasi yake, okazi. Viatu bila sanduku lake, okazi. Ukimpelekea mkwe zawadi iliyo wazi, umemtukana. Kwa hiyo aliposoma neno "mupya" alilishika kwa mikono miwili. Alikuja mjini, akaingia dukani, akazikataa baiskeli zote zilizokuwa zimesimama mlangoni, akasema anataka ile ambayo haijafunguliwa. Wakamtolea moja kutoka bohari.

Jumapili ya kupokea mahari, baada ya misa, tukaona binamu zake wawili wanaingia na katoni ndefu, bapa, iliyofungwa mikanda ya plastiki. Wakailaza mbele ya miguu ya baba. Pande zote mbili za ukoo zilikuwa zimeketi, mbuzi walikuwa wamefungwa uani, na mama mkubwa alikuwa amekwisha kujifunika kitenge kimojawapo begani.

"Ni nini hii?" baba akauliza.

Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa bwana arusi, mtu wa maneno matamu. "Muzee, hii njo kinga. Mupya kabisa. Tangu itoke kule, mukono ya muntu haijaigusa."

"Kinga iko mu karto?"

"Eh, Muzee. Juu ya heshima."

Baba akaomba kisu. Akaikata mikanda mwenyewe, akaifungua katoni, na ubavuni mwake sote tukayaona maandishi ya Kichina, makubwa, meusi. Ndani mlikuwa na mwili wa chuma uliozungushiwa karatasi, magurudumu, usukani, kanyagio. Na kifuko kidogo cha plastiki. Baba akakiinua dirishani apate mwanga. Mlikuwa na nati, na pamoja na nati mlikuwa na jina la marke ya kwetu, limechapwa kwa rangi ya dhahabu kwenye karatasi ya kubandika, moja kubwa na mawili madogo. Hata jina lilikuwa limetoka huko huko.

Akakirudisha kifuko kwenye katoni. Kisha akasema, "Hii haiko kinga. Ni bipande bya chuma tu. Mimi niliandika ya marke ya kwetu."

Siku ya mahari bwana arusi hasemi. Anakaa kimya, msemaji wake anasema, na hata akiulizwa jina lake anamwangalia msemaji. Wetu huyu angeweza kukaa kimya. Kukaa kimya ndiyo kazi anayoiweza kuliko zote. Lakini aliulizwa jambo ambalo jibu lake alilijua, na ukweli ukamtoka.

"Baba, njo hiyi. Zote zinakuyaka vile, mu karto. Hapa kwetu hakuna muntu mwenye kutengeneza kinga."

Baba akasimama, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Tukamngoja. Hakutoka. Wageni wakaaga mmoja mmoja, kwa adabu ile inayouma kuliko matusi, na mbuzi wao wakabaki uani wakila mboga za mdogo wangu.

Sasa, mtu anaweza kucheka. Mimi sikucheka. Matangazo ya ndoa yalikuwa yamekwisha kusomwa parokiani mara mbili, na padri alikuwa amesema wazi kwamba bila barua ya baba, yenye sahihi yake, kwamba amepokea mahari, hapatakuwa na tangazo la tatu wala ndoa. Mdogo wangu ndiye wa mwisho kwetu. Alimuuguza mama mpaka siku ya mwisho, kisha akabaki na baba, akimpikia na kumfulia, wakati sisi wengine tulikuwa tumekwisha kwenda kwenye nyumba zetu. Alikuwa amengoja zamu yake miaka mingi bila kulalamika. Jioni ile aliosha vyombo kwa nguvu hivi kwamba nilimnyang'anya sahani.

"Yaya," akaniambia, kama tunavyowaita wakubwa wetu, "fanya kitu. Mimi sitamungojea Papa tena, na siwezi kuolewa bila yeye. Fanya kitu."

Asubuhi nikaenda kwa baba. Masharti yake yalikuwa mafupi. Walete baiskeli ya kweli, ile inayotengenezwa hapa, naye atatia sahihi. Nikamuuliza inatengenezwa wapi. Akasema nikatafute.

Basi nikatafuta. Nilianza na duka lile lile. Muuzaji alikuwa ameketi mbele ya safu ya baiskeli, anakunywa chai. Nikamwambia nataka iliyotengenezwa hapa.

"Zote, Mama," akasema, akinionyesha jina kwa kijiko.

"Kiwanda iko wapi?"

"Iko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma, ku depo."

Nikaenda nyuma, ku depo. Niliingia kwa sababu mlinzi aliuona uso wangu akaona ni heri anipishe. Katoni zilikuwa zimepandana hadi darini. Wanaume wawili walikuwa wanazikata na kukaza nati. Wa tatu alikuwa na kitambaa kibichi, anabandika majina na kuyalainisha kwa dole gumba ili yasiwe na mapovu. Nikauliza kiwanda kiko wapi. Mlinzi akanionyesha wale watatu, bila haya yoyote.

Nikarudi dukani nikiwa nimewaka. Mlikuwa na chapa nne: moja jina la mnyama, moja la mto, moja la mlima, na moja la mtakatifu. Nikamwambia muuzaji azipindue miguu juu. Akakataa. Nikazipindua mwenyewe. Chini kabisa, pale kanyagio zinapopitia kwenye chuma, palikuwa na mhuri wa Kichina uliogongwa, na mhuri ulikuwa mmoja kwa zote nne. Mnyama, mto, mlima na mtakatifu, wote tumbo moja.

"Mama," muuzaji akasema, ametulia kabisa, "kinga inatembea. Unataka nini tena?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile, na linaniudhi mpaka leo. Siku zilizofuata nilizunguka maduka mengine ya mji, na mhuri ulikuwa ule ule.

Mimi ni mshonaji, na cherehani yangu iko Kamalondo, kwenye baraza moja na fundi wa baiskeli. Tumekuwa majirani miaka mingi; yeye ananichafulia vitambaa kwa mafuta, mimi namchafulia mnyororo kwa nyuzi. Nilimsimulia yote. Alicheka mpaka akaweka chini ufunguo wake.

"Yaya, unatafuta nani? Mimi njo natengenezaka. Kinga ikifika hapa, naifungua yote. Nakaza spoki moja moja. Nabadirisha bilia, zile gololi za mu gurudumu. Nyuma naongeza chuma ya kubebea makala. Ile ya mu karto, vile inatoka, inabeba tu bibi moja mwembamba."

"Kwa hiyo mji muzima ni ya babongo," nikasema. Mji wa waongo.

"Na wewe? Ile koti ya wiki ya jana, ile etiketi ya Italia, ulienda kuishonea Italia?"

Nikamgeuzia mgongo. Ni kweli, etiketi hizo nanunua sokoni kwa fungu, kwa sababu wateja wanaziomba, na koti bila etiketi wanadai ni la mtaani. Lakini sijamzuia mtu kuolewa kwa ajili ya etiketi. Hilo nilimwambia, na alikubali kwamba ni tofauti.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili. Tangazo la tatu lilikuwa lisomwe si Jumapili iliyokuwa mbele yetu, ila ile ya baada yake, na mdogo wangu alikuwa ameacha kuniuliza. Nikapiga moyo konde. Kama baiskeli ya kweli haipo, tutaitengeneza. Nilimwambia baba kwamba katoni inarudishwa dukani, tukaipeleka Kamalondo. Fundi akaifunga yote, kwa uzuri kabisa, spoki zikilia sauti moja. Akabandika jina la dhahabu. Kisha nikampa kazi ya mwisho: aupige tupa ule mhuri wa chini hadi utoweke, na apake majivu na mafuta pale palipong'aa. Nilimpigia simu bwana arusi kumweleza mpango.

"Yaya, mimi siwezi kusema bongo," akajibu; uongo haumtoki mtu yule.

"Hakuna mwenye kukuomba useme," nikamwambia. "Njo wakati ya kufunga kinywa."

Keshokutwa yake, Jumamosi asubuhi, mimi na fundi tukaipeleka Kampemba. Baba alikuwa uani. Nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani: kwamba imepatikana kwenye bohari ya zamani, ni ya mzigo wa mwisho uliotengenezwa hapa, kwamba tuna bahati. Nilisema uongo vizuri kuliko nilivyotegemea.

Baba akaizunguka. Akapiga kengele. Akabinya matairi, akazungusha gurudumu la mbele na kuliangalia likikimbia bila kuyumba, akatingisha kichwa kumsifu fundi. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mkono kwenye komeo. Kisha baba akasema, "Muipindue."

Tukaipindua. Akainama kwa shida, akapitisha dole gumba pale chini, kwenye chuma. Akarudia. Akamwangalia fundi, si mimi.

"Ulitumika na lime gani?"

Lime ndiyo tupa. Fundi akanitazama, nami nikatazama mbuzi.

"Ile ya makali, Muzee," akasema kwa sauti ndogo.

"Njo maana. Inaonekana. Hapa unatumika na ile laini. Unaenda polepole, upande moja tu, haurudishe mukono. Kisha karatasi ya muchanga. Kisha unapaka rangi palepale, mbele chuma haijaanza kutu. Sisi hatukukuwa tunaachaka alama."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayefundishwa kazi. Mimi nilichelewa kuelewa. Nilisikia maneno yote, na bado ilinichukua muda.

"Sisi nani, Papa?"

Akamshukuru fundi, akamwomba atuache. Kisha akakaa kwenye kigoda, baiskeli imelala miguu juu kati yetu.

"Zilikuwa zinakuyaka na treni," akasema. "Mu masanduku ya mbao. Bengine walikuwa wanafunga magurudumu. Mimi, patro, mukubwa wa kazi, aliona niko na mukono ya polepole, akaniweka ku lime. Kazi yangu ilikuwa kufuta jina ya kule, mbele ya kuweka yetu. Miaka yote, njo ile."

Nilimfokea. Sijivunii, lakini nilimfokea baba yangu mwenyewe uani kwake, majirani wakisikia. Nilimwambia kwamba wiki mbili nimetembea jua kali, viatu vyangu vya Jumapili vikaisha soli, nikitafuta kitu alichojua hakipo. Nilimwambia kwamba mtoto wake amekaa jikoni anakonda. Nilimwambia habari ya unga wa chuma, na watu wa makala, na chakula tulichokiacha kipoe ili tutazame kazi ya mkono wake. Nikamuuliza, ikiwa alijua, kwa nini aliwafukuza wale watu waliokuja na ukweli wao kwenye katoni.

"Nilizani ule kijana anajua," baba akasema.

"Anajua nini?"

"Habari yangu. Nilizani amesikia fasi fulani, amekuya na ile karto kunipatisha haya mbele ya bantu. Na vile alifungua kinywa, nikasema, eh, njo hiyo."

Akaushika mkono wa kanyagio, akauzungusha kidogo.

"Siku nilienda kumuomba mama yenu, baba yake aliniuliza, kijana, unafanyaka kazi gani? Nikasema, natengenezaka kinga. Akasema, basi, muntu wa kutengeneza kinga hatashindwa kulisha mutoto yangu. Bakapiga makofi. Ningemuambia nini? Kama nafutaka?"

"Na mama alijua?"

"Alikuwa anakung'utaka mifuko yangu kila jioni. Sijue. Sikumuuliza."

Hasira yangu haikuisha, nisiseme uongo mwingine. Ilikosa tu mahali pa kukaa. Nilimwambia atawaita watu wa Kipushi kesho baada ya misa, atatia sahihi, na kwamba sihitaji kusikia neno lolote kuhusu marke. Akasema sawa. Alisema pia kwamba niwaambie wasilete kitu kingine.

Walikuja. Nadhani walikuja kwa ajili ya mdogo wangu tu, kwa maana msemaji wao aliingia na tabasamu la mtu anayekanyaga miiba. Baiskeli ilikuwa imesimama sebuleni, karibu na dirisha. Barua ikasomwa, kitu kimoja kimoja, mbuzi, blanketi, vitenge, hadi kinga. Baba akaisaini bila kuinua macho. Shangazi zangu wakapiga vigelegele, wali ukaletwa, na nikaanza kupumua.

Lakini msemaji wa Kipushi ni mtu wa maneno matamu, na mtu wa namna hiyo haachi jambo lipite bila kulipaka asali. Akasimama na glasi yake.

"Muzee, utusamehe. Kijana yetu alikosa. Hakujua kama weye njo ulikuwa unatengenezaka hizi kinga, na mikono yako mwenyewe. Angejua, hangesema vile mbele yako."

Watu wakaitikia. Mama mkubwa akainua mikono tayari kupiga makofi. Mdogo wangu akamwangalia baba kwa uso ule ule wa utotoni, tulipokuwa tunaitwa mlangoni kutazama watu wa makala. Bwana arusi aliinamisha kichwa akipokea kosa ambalo halikuwa lake. Mimi niliomba kimoyomoyo baba aseme asante, ameze, tule. Tumechoka, nikasema moyoni, kubali makofi yako.

Baba akasimama, ameshikilia mgongo wa kiti.

"Hapana," akasema. "Mutoto alisema kweli. Mimi sijatengenezaka kinga hata moja. Nilikuwa nafutaka jina ya bale benye kuitengeneza."